Tairi za Mzee Bado

Katika chumba cha wageni cha nyumba ile hakuna mgeni aliyelala kwa miaka minane, kwa sababu kitanda kilikuwa na wenyewe. Tairi nne mpya za gari zilipangwa juu ya godoro, mbili kichwani na mbili miguuni, kila moja imevishwa shuka na kufungwa fundo. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mwenye nyumba aliingia na kitambaa na chupa ya mafuta ya taa, akazivua moja moja, akazipangusa mpaka zikang'aa, akazigeuza upande wa pili zisije zikaumia ubavu, akazivisha tena. Akitoka anafunga mlango kwa ufunguo. Mlango ulifungika, harufu haikufungika. Ilipita chini, ikaingia jikoni, ikakaa kwenye mkate, na mkewe alishaacha kununua siagi kwa kuona ni kuitupa bure.

Mke huyo mtaa mzima ulimwita Nesi, ingawa alikwisha kustaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja alisafisha vidonda, akakamua majipu, akabeba ndoo za matapishi, na hakuna aliyemwona akikunja pua hata siku moja. Watu walisema mwanamke yule hana kinyaa. Walikosea. Kinyaa alikuwa nacho, tena cha kutosha, ila hakuwa amekutana na kitu cha kukimwagia mpaka yeye na mumewe walipostaafu na kuanza kutazamana kutwa nzima.

Mume naye alikuwa na jina la watu: Mzee Bado. Alilipata hospitalini alikokuwa mtunza stoo. Ukimpelekea fomu ya kuomba shuka za wodi, ataisoma mpaka mwisho, ataigeuza kuona kama nyuma kuna maandishi, halafu atakuuliza kama zile za mwanzo zimekwisha. Ukimjibu kwamba zimechakaa, atakwambia kuchakaa si kuisha. "Bado," atasema, na fomu yako atakurudishia ikiwa imenyooshwa vizuri kuliko ulivyoileta. Wauguzi walimwigiza korido nzima, mpaka neno likawa jina, na yeye akalivaa bila kinyongo, maana alidhani anasifiwa.

Tusimwonee lakini. Mwizi hakuwa. Waliomtangulia katika stoo ile walikuwa na mikono mirefu, kila mmoja kaondoka na nyumba ya matofali; yeye hakutoka pale hata na pini mfukoni. Nesi wakati huo alikuwa msichana wa wodi ya watoto. Alikwenda dirishani kwake mara nne kuomba blanketi, mara nne akanyimwa, na mara ya tano akaombwa yeye. Akaona amepata bahati: mwanaume mwaminifu, asiyepepesuka, asiyependa makuu. Ilimchukua miaka mingi sana kujiuliza swali la kitoto kabisa, kwamba zile blanketi je, watoto walizipata? Hawakuzipata. Siku ya kumkabidhi stoo mrithi wake zilitolewa robota kwa robota, panya wamezitafuna mpaka zimekuwa nyavu, na Mzee Bado kasimama pembeni na daftari lake akionyesha kwamba idadi imetimia. Wakampa cheti. Cheti kikawekwa fremu, na fremu ikaachwa ndani ya karatasi yake ili isishike vumbi.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Makochi yalivaa nailoni ya dukani, ukikaa siku ya joto unanyanyuka nayo. Sahani nzuri ziliishi kabatini na familia ilikula kwenye zenye mapengo. Watoto wao wawili, watu wazima wenye familia zao, wakija kusalimia walilala nyumba ya kulala wageni kule mjini na kusingizia kwamba asubuhi wana shughuli za karibu na huko. Nesi aliujua uongo huo tangu siku ya kwanza. Aliumeza, kwa kuwa alipofikiria kuwaambia wajukuu wake wabanane na tairi kitanda kimoja, ulimi ulimwia mzito.

Sasa gari lenyewe. Lilikuwa la siku nyingi, jeupe lililogeuka rangi ya meno ya mvutaji, ila injini yake ilikuwa nzima na milango ilifunga kwa sauti nzuri. Aibu ilikuwa chini. Tairi nne ambazo lilikuwa linatembelea zilikuwa vipara vitupu, hazina mstari wala kumbukumbu ya mstari. Moja ilikuwa na uvimbe ubavuni, na Nesi kila akiuona vidole vilimwasha kutafuta wembe. Nyingine ilikuwa imelika upande wa ndani mpaka nyaya zimetokeza, zinang'aa. Ndani mlikuwa na tyubu zenye viraka juu ya viraka. Wiki haikupita bila pancha, na kila pancha Mzee Bado aliinama, akaingiza kucha kwenye mpira, akatoa hukumu yake: bado zina maisha.

Yeye mwenyewe haendeshi tena. Mtoto wa jicho alishamwekea ukungu, basi alikaa kiti cha pembeni na kazi yake ikawa kufundisha. Mvua za kwanza ziliponyesha, kwenye mteremko wa sokoni, Nesi alikanyaga breki na gari likaendelea na safari zake. Lilipita taa nyekundu, likajizungusha, likasimama limetazama lilikotoka, bampa limegusa meza ya muuza nyanya. Muuza nyanya hakugomba. Aliinama akaitazama tairi ya mbele, akamtazama Nesi, akatema mate pembeni. Nesi hakumwona na kosa. Mumewe alimwambia kwamba breki hazikanyagwi vile, mtu hasagi mende.

Wiki ile ile simu ikaja kutoka kwa dada yake Nesi.

Huyu dada ndiye aliyekuwa mama. Mama yao alipokufa, mkubwa alikuwa na miaka kumi na minne na mdogo ana mitano, na mkubwa akaacha shule siku hiyo hiyo bila kumuuliza mtu. Alifua nguo za watu mpaka mikono ikababuka, ili mdogo wake asome, apate sare nyeupe. Hakuolewa, hakuzaa. Aliishi mwenyewe kwenye mji mdogo wa milimani, mwendo wa saa tano kwa gari, na sasa alikuwa ameanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Hospitali ilishamfanyia ilichoweza na kumruhusu. Jirani aliyekuwa akimgeuza na kumpa chakula alikuwa anahama Jumapili. Kwenye simu dada alizungumza habari za mvua, akauliza habari za watoto, na mwishoni kabisa, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, akasema wasihangaike, ataona itakavyokuwa.

Nesi alijua itakavyokuwa. Alijua mtu aliyelala peke yake bila wa kumgeuza huanza kuchubuka siku ya ngapi, na mchubuko huo hunuka kuanzia siku ya ngapi. Basi la abiria halingewezekana kwa nyonga ile. Dada alitakiwa alazwe kiti cha nyuma na kuendeshwa polepole. Kwa hiyo ilikuwa gari lao au hakuna. Akamwambia mumewe mezani, kwa kituo, kwamba Jumamosi dada anakuja kuishi nao, na kwamba vinahitajika vitu viwili: tairi zilizo kitandani ziende kwenye gari, na kitanda kipate mtu.

Mzee Bado hakukataa. Hajawahi kukataa kitu maishani mwake, yeye huahirisha. Alisema zifungwe mbili tu, za mbele. Akasema, au za nyuma zihamie mbele na za mbele nyuma, maana hazijalika sawasawa. Akasema pia kwamba mvua zikatike kwanza, kwa sababu tope la milimani linaharibu mpira. Kila pendekezo alilitoa kwa upole, huku anakusanya makombo ya mkate mezani kwa kidole na kuyarudisha kwenye mfuko. Nesi alikitazama kile kidole kikienda na kurudi, mate yakamjaa mdomoni.

"Kesho saa mbili asubuhi nakwenda kwa fundi na tairi zote nne," akasema. "Ukitaka kubaki, baki."

Hakubaki. Angeziachaje zitoke peke yake?

Ijumaa hiyo walizipakia, mbili kwenye buti na mbili kiti cha nyuma, na shuka zake. Mzee Bado akazifunga mkanda zile za nyuma. Nesi aliona kwenye kioo, akasonya, akawasha gari.

Fundi wa tairi pale jirani na kituo cha mafuta aliitwa Pumzi, mtu mpana, mchache wa maneno. Uwanja wake ulikuwa mweusi tii kwa oili ya miaka, katikati lipo pipa lililokatwa nusu, limejaa maji ya kijivu ya kujaribia tyubu, juu yake yanaelea maganda ya ndizi na kitu ambacho Nesi aliamua asikichunguze. Pumzi alipiga jeki upande wa kwanza, akaingiza mkono nyuma ya tairi, akautoa haraka. Waya ulikuwa umemchoma kidole. Alifuta damu kwenye ovaroli na kumtazama Nesi kwa namna ambayo madaktari humtazama mzazi aliyemchelewesha mtoto nyumbani. Alipoichomoa tairi kwenye rimu, ndani yake yalimwagika maji meusi yenye gundi iliyooza, yakatiririka mpaka kwenye viatu vya Nesi. Harufu ile mtu aliyefanya kazi chumba cha maiti angeisalimia kwa jina.

"Mama, ulikuwa unaendesha hivi?" Pumzi akauliza.

Nesi akasema ndiyo. Akaongeza kwamba kesho ana safari ya milimani.

Kisha zikaletwa zile mpya. Mzee Bado alizibeba mwenyewe, moja moja, kifuani, akazipanga mahali pakavu. Pumzi alipoona shuka nyeupe na mafundo alicheka kidogo, akauliza kama ameletewa maiti. Akafungua fundo la kwanza. Kicheko kikamwisha. Aliisogeza tairi puani, akainusa, akaibana ubavu kwa viganja viwili na kuukunja, na mpira uliokuwa unang'aa ukafunguka nyufa nyingi nyembamba, mle mle kwenye mkunjo, kama kisigino chenye magaga. Akabana mahali pengine, ikawa vile vile. Akavua ya pili, ya tatu, ya nne. Mzee Bado alikuwa anamwambia asizikunje hivyo, ataziumiza.

Pumzi alipangusa ubavu wa moja kwa kidole gumba na kuwaonyesha tarakimu nne zilizopigwa muhuri ndani ya kiduara. Mbili za kwanza ni wiki, akaeleza, na mbili za mwisho ni mwaka. Ndiyo siku ya kuzaliwa ya tairi. Hizi zilikuwa na miaka kumi na mmoja. Zilikaa dukani mitatu kabla ya kununuliwa, na minane nyumbani.

"Na nani alikuwa anazipaka mafuta ya taa?"

"Mimi," akasema Mzee Bado, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ilikuwa na furaha. "Kila mwezi. Sikukosa hata mwezi mmoja."

"Basi wewe ndiye uliyeziua. Mafuta ya taa ni sumu ya mpira, mzee wangu. Ungezitia gari lile mwaka ule, zingekutumikia mpaka zichoke, ukanunua nyingine. Mimi hizi sizifungi. Zitapasuka kabla mama hajamaliza kupanda mlima, na atakayetafutwa ni mimi."

"Hazijakanyaga ardhi hata siku moja."

"Ndiyo hivyo. Zimefia kitandani."

Hapo Nesi alimtazama mumewe. Na hili lazima lisemwe, kwa sababu baadaye wenye midomo walisema alikuwa na roho mbaya: alikuwa tayari kumhurumia. Alisimama pale na viatu vyenye maji machafu akingoja uso ule uanguke. Angeona haya, angekaa chini, angesema neno moja tu, hata "loo", Nesi angemshika mkono. Yangekuwa ni makosa ya mtu, na makosa ya watu alishayafunga bandeji maisha yake yote.

Mzee Bado aliinama, akaanza kuzirudishia shuka. "Tutazirudisha nyumbani," alisema. "Bado zina sura."

Basi. Nesi alimgeukia Pumzi na kumwambia achague tairi nne mpya ukutani, za mwaka huu, azifunge zote. Fedha alikuwa nayo ya kwake, aliyoiweka pembeni kwa jambo ambalo hakujua litakuwa lipi, na sasa alilijua. Pumzi alifanya kazi haraka. Mzee Bado alizizunguka zile mpya, akapapasa vile vinyweleo vya mpira ambavyo tairi huwa navyo kabla ya kuanza kutembea, akavipapasa taratibu mno. Nesi alikumbuka kwamba alipojifungua mtoto wa kwanza, mkono huo huo ulimpapasa mtoto juu ya blanketi, kwa kuwa blanketi lilikuwa jipya na hakutaka lifunuliwe hovyo.

Mbili zilikwisha kufungwa alipomsogelea Pumzi na kumnong'oneza, akidhani mkewe yuko mbali. Hakuwa mbali. Alimsikia akimwomba fundi azifungue hizo, hizi mpya ziende nyumbani kwanza. Zile vipara zirudishwe kwa safari hii moja tu ya kwenda na kurudi, maana barabara ya milimani ina kokoto na itazichuna bure. Mama akisharudi salama, ndipo watafunga mpya kwa raha.

Pumzi aliacha spana ikining'inia mkononi. Alimtazama Nesi.

"Rudia," Nesi akasema.

"Nimesema safari moja tu."

"Dada yangu atakuwa amelala nyuma na nyonga iliyovunjika. Mimi nitakuwa kwenye usukani. Na wewe unahurumia tairi." Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ya kuwaambia ndugu wa mgonjwa habari mbaya. "Nimeosha vidonda ambavyo funza walinitangulia kufika. Sijawahi kutapika. Leo nimebakiza kidogo."

Mzee Bado alianza kusema kwamba hakumaanisha hivyo, kwamba alikuwa anafikiria tu mbele. Pumzi akawasha mashine ya upepo, na kelele yake ikawa afadhali kwa kila mtu. Zilipokamilika nne, Nesi alimwambia fundi kwamba zile nne zilizovaa shuka azikate, azifanye anachotaka, mradi yeye asizione tena. Mpango ulikuwa kwenda milimani Jumamosi. Akaona hana sababu ya kuisubiri Jumamosi. Aliingia, akawasha, akaondoka, na kwenye kioo alimwona mumewe kaketi juu ya tairi moja, nyingine tatu zimemzunguka, shuka zikipeperuka.

Barabarani gari lilikuwa geni kwake. Kona alizozoea kuzipita moyo ukiwa mdomoni lilizipita limetulia. Kwenye lami yenye maji alikanyaga breki kwa makusudi, mahali pasipo na mtu, na gari likasimama pale pale alipoliambia. Alifurahi dakika moja hivi. Halafu hasira zikampanda upya kwa kuona ni jambo dogo kiasi gani, saa moja ya fundi, na kwa jambo dogo hilo alikuwa ameendesha miaka yote amebana meno.

Alimkuta dada kiti cha karibu na mlango, begi limefungwa tangu Jumatano, jirani anapanga masanduku yake ndani. Alikuwa amepungua sana. Miguu haikugusa sakafu. Kabla hata ya salamu kuisha aliuliza kama shemeji amekubali, maana mzee mgonjwa ni mzigo na hakutaka kumwingiza mdogo wake kwenye maneno na mumewe. Nesi akamwambia shemeji amekubali. Jioni hiyo alipiga simu nyumbani, si kwa mapenzi, ni kuuliza kama mlango wa nyuma umefungwa. Mzee Bado hakutaja habari za kwa fundi. Alisema tu, "Dada mlete. Chumba nitakipanga mwenyewe."

Maneno hayo yalimfanya Nesi asilale mapema. Aliyageuza kichwani, akayaona ni msamaha ulioombwa kwa njia ya mtu asiyejua kuomba. Asubuhi alipomlaza dada kwenye kiti cha nyuma, mto huku na mto kule, alikuwa amepoa. Njiani alimsimulia dada juu ya chumba: dirisha linatazama kwenye mpapai, asubuhi jua linaingia, choo hatua sita tu. Dada alikuwa anaitikia kila sentensi, na mwishowe akauliza dirisha lina pazia la rangi gani. Nesi alilazimika kufikiri. Ni miaka minane hajaliona.

Walifika alasiri. Mzee Bado alifungua geti kabla honi haijapigwa. Alikuwa amefagia uwanja, amenyoa ndevu, na alimsalimia shemeji yake kwa heshima zote, akamshika mkono wa kushoto wakati Nesi kamshika wa kulia. Walikwenda polepole, hatua moja, pumziko, hatua. Kwenye mlango wa chumba cha wageni Mzee Bado alitangulia, akazungusha ufunguo, akafungua kwa madaha, na kusimama pembeni wapite.

Tairi zilikuwa kitandani. Alikodi mkokoteni kuzirudisha, alieleza, na gharama yake si kubwa. Safari hii hakuzitandaza. Alizipanga mbili juu ya mbili upande wa nje wa kitanda, kwa shuka safi zilizopigwa pasi. Upande wa ukutani alikuwa ameacha ukanda wa godoro, upana wa ubao wa kupigia pasi, akauwekea mto mdogo. Harufu ilikuwa nyingine. Fundi alisema mafuta ya taa ni sumu, kwa hiyo amehamia mafuta ya kupikia.

Dada ndiye aliyesema. Alichungulia ndani, ameegemea mikono ya watu wawili, akautazama ule ukanda, akajipima nao, na akatabasamu kwa haraka ya mtu anayeogopa kurudishwa alikotoka.

"Panatosha," alisema. "Mimi sichukui nafasi kubwa."

Mwanamke aliyeacha shule, aliyefua nguo za watu miaka na miaka, anajipima na tairi. Nesi alimgeuza dada taratibu, nyonga kwanza kama inavyotakiwa, akampeleka chumba cha pili, chumba chao. Akamlaza upande wa karibu na mlango, kwa kuwa ndio rahisi kwa mgonjwa wa nyonga, na ulikuwa upande wa Mzee Bado. Akaondoa mto wa mumewe, akaweka wa dada.

Mzee Bado aliwafuata mpaka kizingitini. "Hapo ni kwangu," alisema, bila ubishi, kwa mshangao tu.

Nesi alimpa mto wake. "Kule panatosha. Umesikia mwenyewe."

Alisimama na mto kifuani. Dada alifunika uso kwa kiganja, akasema jamani, asiwe yeye sababu, atalala hata kwenye kochi. Nesi akamwambia hakuna sababu yoyote, na kwamba anyooshe mguu. Nyayo za Mzee Bado zikarudi nyuma, zikavuka korido, zikaingia chumba cha wageni.

Nesi alikuwa ameshavua kiatu kimoja cha dada. Alibaki nacho mkononi, kichwa ameinamisha, anasikiliza. Alijua sauti aliyokuwa anaitaka: mshindo wa tairi ikitua sakafuni. Moja tu ingetosha. Angeisikia hiyo, angemwita arudi, angemtandikia hata sebuleni, wangezungumza. Alisikiliza muda mrefu kuliko alivyotaka. Kilichokuja ni mkwaruzo mdogo wa shuka, halafu kitanda kikalia taratibu, upande wa ukutani.

Akavua kiatu cha pili, akakiweka chini, akaenda kuchemsha maji ya kumwogesha dada yake.